Siku moja maishani mwangu: mita tisa za zege uani kwa Bibi

Saa 11:15 alfajiri

Kabla ya chai, kaboni. Mashine yangu ya kubomolea ina vifuniko viwili vya duara ubavuni. Ukivifungua kwa bisibisi unakuta vijiti vyeusi viwili vinavyosukumwa na springi, na hivyo ndivyo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Vikiisha, mashine inaanza kutema cheche, halafu inakuzimikia katikati ya kazi huku mwenye nyumba anakutazama. Jana jioni nilisikia harufu ya kuungua. Nikavitoa: kimoja kimebaki kifupi kama punje ya hindi. Nikabadilisha vyote viwili, maana kipya kikikaa na kizee haviendi sawa.

Mashine hii niliinunua mtumba, Gerezani, Dar es Salaam. Kilo 16 bila tindo, wati 1,500. Watu wakiniona nayo wanasema kazi yangu ni ya misuli. Misuli inatakiwa kuinyanyua tu. Ndani mna pistoni inayosukuma hewa, hewa inasukuma nyundo, nyundo inagonga kitako cha tindo, zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Ukiilalia kwa kifua huongezi pigo hata moja. Unachoongeza ni mtetemo unaorudi mikononi mwako, na huo utaulipia usiku.

Saa 1:00 asubuhi

Bajaji kutoka Mabibo hadi Magomeni. Basi la mwendokasi lingekuwa rahisi, lakini saa hizi mtu mwenyewe anaingia ubavu, sembuse na mashine, tindo nne, waya, sururu na mtalimbo. Dogo, msaidizi wangu, kakaa nyuma kapakata mashine kama mtoto.

Saa 1:30 asubuhi

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Bibi mwenye nyumba anajenga choo kipya cha kuvuta upande wa kulia, na shimo la maji taka liko kona ya kushoto, karibu na geti la nyuma. Katikati yake ni mita tisa za sakafu ya zege. Kazi yangu ni kufungua mfereji wa upana wa sentimita 60 ili fundi bomba alaze bomba la inchi nne.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mmekunywa chai?"

Hatukuwa tumekunywa. Mpangaji wa chumba cha pili anakaanga vitumbua hapo hapo uani, kwa hiyo chai ikapatikana na vitumbua vya moto. Nikampa masharti: vumbi likianza, unga na mafuta visiwepo. Akasema anamaliza saa mbili na nusu, tusimharakishe. Sikumharakisha.

Nikauliza maswali yangu ya kila siku. Bomba la maji linapita wapi? Bibi akanionyesha kwa fimbo: kutoka kwenye mita kule mbele, linazunguka ukuta wa jikoni, halikatizi uani. Waya wa umeme umefukiwa mahali? Hapana, wote uko juu. Nikachora mistari miwili ya chaki kutoka choo hadi shimo, nimenyoosha kwa uzi. Kuna swali moja sikuuliza, na ningeliuliza, siku yangu ingekuwa fupi.

Pembeni kukazuka mjadala wa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mpangaji mwenye friji anasema mashine itakula umeme wa watu. Nikamwambia: wati 1,500 ni uniti moja na nusu kwa saa, na ukitoa mapumziko haitalia zaidi ya saa nne. Uniti sita. Bibi akamkatisha, akasema atanunua yeye, na friji yake si inalala imewashwa mwezi mzima na hakuna aliyemuuliza? Watu wakacheka, ikaisha.

Saa 2:20 asubuhi

Mpangaji wa chumba cha nyuma karudi kutoka lindoni. Ni mlinzi wa usiku, na dirisha lake liko hatua tatu kutoka kwenye chaki yangu. Nikaona aibu. Nikamwambia, "Kaka, leo hutalala." Akaiangalia mashine, akaniangalia mimi. "Mimi nimelala ubavuni mwa jenereta miaka sita," akasema, akaingia ndani, akafunga mlango.

Saa 2:45 asubuhi

Waya wa kuongezea nimeukunjua wote. Ukiuacha umeviringwa kwenye gurudumu lake unapata joto kama kikaango, na ukiwa mwembamba umeme unafika kwenye mashine umechoka, mota inaungua. Wangu ni wa milimita 2.5 za mraba. Kichwa chake nimekipandisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu dogo atakuwa anamwagia zege maji.

Maji ni kwa ajili ya vumbi. Vumbi la zege lina mchanga uliosagika hadi macho hayauoni, unaingia mapafuni na hautoki. Barakoa tunavaa, lakini kopo la maji ndilo linalofanya kazi kubwa. Kidogo kidogo, mbele ya tindo, si kwenye mashine. Miwani, glovu, buti, vizibo vya masikio. Dogo hapendi vizibo. Anasema hasikii nikimwita. Huwa namjibu kwamba asipovivaa, miaka kumi ijayo hatamsikia hata mkewe.

Nikaanzia kwenye ukingo wa choo kipya, ambako sakafu ilikuwa imekwisha kukatwa. Hapo ndipo penye siri ya kazi yote. Zege ni gumu kubanwa lakini halipendi kusukumwa kwenda pembeni. Ukiligonga katikati ya sakafu halina pa kukimbilia, tindo inachimba kijishimo, inazama, inakwama, unaanza kugombana nayo. Ukianza ukingoni, unaweka ncha sentimita kama nane kutoka kwenye ukingo, unailaza kidogo kuelekea wazi, unabonyeza swichi, unahesabu moja, mbili, tatu, na kipande kinaachia. Unasogea. Kikigoma usikae hapo hapo kama umepanda mti. Toa, sogeza inchi mbili, rudia.

Likilia kavu, tak-tak-tak, zege bado limeshikana. Mlio ukinyong'onyea ghafla, ufa umeshapita chini, na hapo nguvu zaidi ni kupoteza umeme. Dogo bado anaangalia ncha ya tindo. Nimemwambia aache kuangalia.

Saa 4:30 asubuhi

Mita nne na nusu. Sakafu ni ya sentimita kumi, haina nondo, kazi ya mkono mmoja. Dogo anajaza toroli na kumwaga karibu na geti. Kila kifusi kinavyopanda ndivyo Bibi anavyohesabu pesa: amepanga elfu 60 za kirikuu, kigari cha mizigo, cha kukitoa. Zege la mfereji huu ni kama tani moja na robo, na likishavunjwa linavimba, kwa hiyo ni tripu zaidi ya moja. Mlinzi anakoroma. Si utani, tulikuwa tunamsikia kila nikizima mashine kubadilisha tindo.

Saa 5:40 asubuhi

Mita ya sita, tindo ikagonga chuma. Nondo. Nikafikiri ni bahati mbaya ya kipande, fundi wa zamani kabakiza nondo akaitupia. Nikasogea, nondo nyingine. Nikachimba ukingoni kuangalia unene: sentimita kumi za sakafu, kisha mstari mwembamba wa mchanga, kisha zege jingine chini yake, la zamani, jeusi, la kokoto kubwa. Mtu hawezi kuweka zege mbili na nondo uani kwa ajili ya kufulia nguo.

Nilipaswa kuacha hapo. Badala yake nikafikiria bei tuliyokubaliana, laki mbili na nusu, nikaona muda unanila, nikabonyeza.

Mlio ukabadilika. Haikuwa kavu, haikuwa ya ufa. Ilikuwa bum, kama unapiga ngoma iliyolowa. Nikasikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Nikaachia swichi, lakini tindo ilikuwa imeshapita. Ilizama yote hadi kwenye shingo ya mashine, na mashine ikakaa juu ya sakafu kama kofia, mikono yangu bado imeishika. Pembeni ya tindo ukatoka upepo wa baridi. Na harufu.

"Dogo, chomoa waya. Usikimbie. Rudi nyuma polepole."

Nikapiga magoti, nikalala kifudifudi kugawa uzito, nikaivuta mashine kwangu hadi kwenye sakafu nzima. Kisha nikadondosha kokoto kwenye tundu. Nikahesabu kimoyomoyo. Chubwi.

Wakati huo huo mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka, mlinzi katoka na shuka kiunoni, macho mekundu. "Kuna nini? Mbona kimya?"

Saa 6:00 mchana

Bibi akaja na fimbo yake, akachungulia kwa mbali, akapiga kofi.

"Ah! Si choo cha zamani hicho. Kilijaa, marehemu akakifunika, akachimba kingine kule. Siku nyingi. Hata mama yenu hajaja mjini."

Sikumlaumu. Niliuliza bomba, akajibu bomba. Mafundi tunauliza vitu vinavyoweza kuharibika na kusahau vinavyoweza kutumeza. Nyumba za namna hii, choo cha shimo kilikuwa uani, kikijaa kinafunikwa na kinachimbwa kingine, na wajukuu wanafulia nguo juu yake bila kujua. Sasa nimeongeza kwenye maswali yangu: choo cha kwanza cha nyumba hii kilikuwa wapi?

Mama wa vitumbua alikuwa ameanza kuinjika maharage ya mchana kwenye jiko la mkaa, hatua chache kutoka hapo. Nikamwomba alihamishie nje, barazani. Shimo la zamani linatengeneza gesi, na gesi ile inashika moto. Ndiyo hiyo sababu sikuiwasha tena mashine karibu na pale: kaboni zinatoa cheche hata zikiwa mpya. Nikalazimika kuwa mkali kidogo kwa kijana mmoja aliyekuja na sigara kutazama. Tukaweka mbao mbili na kamba kuzunguka, tukaacha upepo upite.

Wali maharage, kwenye baraza ya mbele, na mlinzi akala nasi kwa sababu usingizi ulikwisha.

Saa 8:00 mchana

Hesabu. Nikifuata mstari ule ule nitapita juu ya shimo, na bomba litalala hewani. Fundi bomba tulimpigia simu akaja. Tukakubaliana kulizunguka: kona mbili za digrii 45, siyo za 90, maana kwenye kona kali uchafu unakwama. Mfereji unatoka mita tisa unakuwa kumi na moja. Bomba la inchi nne linahitaji kushuka sentimita mbili na nusu kila mita, kwa hiyo mwisho wake utakuwa chini zaidi kwa sentimita tano. Tukapima mdomo wa shimo la maji taka kwa fito na mpira wa maji wa kupimia usawa. Nafasi ipo, na inabaki.

Likabaki suala la shimo lenyewe. Huwezi kuliacha na tundu, wala kulifunika ukajifanya hukuliona. Bibi alikaa kimya akitazama lundo la kifusi getini, halafu tundu, halafu lundo.

"Mjukuu wangu, na hicho kirikuu cha nini?"

Alikuwa amenitangulia kama nusu dakika hivi.

Saa 8:40 mchana

Tulipanua tundu kwa nyundo ya mkono na mtalimbo, tumesimama juu ya mbao zilizolalia sakafu nzima pande zote mbili, kiasi cha kuingia ndoo ya kifusi. Kazi ya kizamani, jasho la kizamani. Dogo akaanza kumwaga. Mimi nikahamishia mashine upande wa mzunguko, mbali, upepo ukitoka kwangu kwenda shimoni na si kinyume chake, nikamalizia mita zilizobaki. Kabla ya kila hatua niligonga sakafu kwa kichwa cha mtalimbo na kusikiliza. Dogo naye, bila kuambiwa, akawa anagonga.

Saa 11:15 jioni

Mfereji umefika getini. Toroli 17 zimeingia kwenye shimo na bado kokoto ikidondoka inachukua muda kutoa sauti, ingawa sasa ni ko, siyo chubwi. Lundo la getini limekwisha. Bibi amewatuma watoto wakaombe vifusi kwa jirani anayevunja ukuta. Elfu 60 za kirikuu akanikabidhi mkononi, za ile mita mbili za nyongeza, na akanikatalia kuzihesabu mbele yake.

Saa 12:10 jioni

Nikifunga waya, vidole vinawaka kama vimeingiwa na sisimizi. Mashine imezimwa lakini mikono haijapata habari. Nilijaribu kufunga kifungo cha shati, nikashindwa, dogo akanifungia bila kusema neno.

Mlinzi katoka na sare yake na tochi, anaenda lindoni. Akaumulika mfereji kutoka choo hadi kona, akaumulika mzunguko, akasimama kwenye mbao.

"Kesho mnakuja saa ngapi?"

"Kesho ni fundi bomba tu. Hana kelele."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaruka mfereji, akaenda zake.