Eksirei imetoka safi lakini mzee bado anahema, kwanini?

Jamani naomba niongelee vikohozi vya wavuta sigara, maana naona watu wetu wanateseka bure. Mtu kavuta toka ujana, kila asubuhi anakohoa anatoa makohozi, akipanda ngazi kidogo tu anasimama kuhema, ukimuuliza anakwambia aah hiki kikohozi cha fegi tu nshakizoea. Siku akikubali kwenda hospitali anapimwa TB, hamna kitu, anapewa antibayotiki anarudi nyumbani, baada ya muda yuko vilevile.

Baba yangu mdogo kapitia hayohayo. Makohozi yakapimwa kwenye GeneXpert (mashine ya kupima TB), TB hamna, eksirei ikapigwa wakasema kifua kiko safi, akaambiwa apumzike. Kupima TB kwa hapa kwetu ni sahihi na ni lazima, silalamikii hilo, ninacholalamika ni kuishia hapo! Eksirei inaweza ikatoka safi kabisa na mtu ana COPD, yani mirija ya hewa imebana na vile vifuko vya hewa ndani ya mapafu vimeshaharibika, kwasababu picha inaonyesha mapafu yakoje, haionyeshi hewa inatoka kwa kasi gani.

Cha kuonyesha hilo ni spairometri, na mashine yenyewe sio ya juzi, daktari Mwingereza John Hutchinson aliielezea toka 1846. Baba mdogo alikalishwa kwenye kiti, akabanwa pua na kibanio, akaambiwa avute pumzi mpaka mwisho alafu aume kile kibomba apulize kwa nguvu zote, na dada wa kipimo kasimama pembeni anamwambia puliza baba puliza puliza usiache endelea endelea, mzee mishipa ya shingo imemtoka. Anarudia hivyo mara 3 au zaidi, anapewa salbutamol ya kuvuta, dawa ya kufungua mirija, anakaa kama dakika 15, anapuliza tena. Wanachoangalia ni hewa iliyotoka sekunde ya kwanza ukilinganisha na yote aliyotoa, ikiwa chini ya 0.70 hata baada ya dawa, na mtu ana dalili na historia ya sigara, hiyo ni COPD. Pumu mara nyingi inafunguka vizuri na dawa, hii haifunguki yote.

Kingine ni historia. Daktari akiuliza unavuta? wazee wanajibu kidogo tu, wananunua moja moja kwa Mangi hawajawahi kuhesabu. Hesabu nyumbani kabisa: pakiti moja ya sigara 20 kila siku kwa mwaka inahesabiwa 1, kwahiyo anayevuta 10 kwa siku kwa miaka 40 ana 20. Marekani toka 2021 mtu wa miaka 50 mpaka 80 mwenye hesabu hiyo ya 20 kwenda juu, anayevuta bado au aliyeacha ndani ya miaka 15, anashauriwa kupigwa siti skani ya mionzi midogo kila mwaka kutafuta kansa ya mapafu kabla haijaonyesha dalili. Huku kwetu wengi wanagundulika imeshasambaa, inauma sana. Damu kwenye makohozi, kukonda bila sababu, sauti kukauka wiki kadhaa, ncha za vidole kuvimba na kucha kuwa za mviringo, hayo usisubiri, ulizia siti skani, na wakiona uvimbe lazima wachukue kinyama wapime ndo wajue ni kansa au la.

Baba mdogo saivi ana inhela na sigara kaacha. Mapafu yaliyoharibika hayarudi, ila ukiacha kasi ya kuharibika inapungua, hata kama una miaka 65.

Kama unampeleka mzee kwenye spairometri, asivute sigara walau saa moja kabla, asishibe sana, asivae nguo za kubana, na kama anatumia inhela muulize daktari mapema aisimamishe saa ngapi. Akiwa kafanyiwa oparesheni ya macho au kifua karibuni, au kapata shambulio la moyo, semeni kabla hajaanza kupuliza.