Bei ya siku aliyofariki

Jana usiku mwanangu alikuwa anafanya hesabu za faida na hasara pale mezani, akainua kichwa akaniuliza, "Kama kitu kimepanda bei lakini hujakiuza, hiyo faida ni yako au bado?" Nikamwambia ni yako ila haijaiva. Akaridhika akaendelea na hesabu zake, mimi ndo nikabaki naikumbuka ile wiki ya mwisho ya mwaka wa kodi, 2023, na yule mama.

Ofisini, ambako tunasimamia hisa za wateja, ilikuwa hekaheka. Huku Uingereza mwaka wa kodi unafungwa tarehe 5 Aprili, na ule ndo ulikuwa wa mwisho kwa mtu kuuza hisa zake kwa faida ya hadi pauni 12,300 bila kulipa kodi ya faida ya mtaji, maana kuanzia tarehe 6 msamaha huo ulikuwa unashuka hadi 6,000 na mwaka uliofuata 3,000, na usipoutumia ndani ya mwaka wake umepotea, haubebeki kwenda mwaka mwingine. Kwa hiyo tulikuwa tunachapisha ripoti za wateja wote na kuzipitia kolamu kwa kolamu: gharama ya kununulia, thamani ya leo, faida ambayo haijauzwa. Unatafuta nani ana faida ndogo inayoingia ndani ya msamaha, nani ana hasara mahali inayoweza kufidia faida ya kwingine, nani ana mume au mke ambaye msamaha wake umelala bure, maana wanandoa wanaruhusiwa kuhamishiana hisa bila kodi kudaiwa pale pale.

Ripoti ya yule mama nilikuwa nimeshaipita mara mbili. Thamani 64,000, gharama 27,500, faida 36,500. Ukitoa msamaha zinabaki 24,200, na kwa pensheni yake alikuwa kwenye kiwango cha chini cha kodi hiyo, asilimia 10 wakati ule, yaani pauni 2,420 za kodi akiuza zote. Alishaambiwa hivyo miaka ya nyuma kabla mimi sijaja, akasema basi ziacheni. Na alikuwa anazihitaji hizo hela, alitaka kuhamia nyumba isiyo na ngazi kwa sababu ya magoti.

Kilichonisimamisha ni tarehe. Ukurasa wa nyuma kabisa, ambao wengi hatuufiki, ulionyesha hisa zilinunuliwa 1998, 1999, 2001 na 2003, wakati akaunti yake yeye ilifunguliwa 2018. Inawezekana alizihamisha kutoka kwingine, hilo ni la kawaida tu, lakini roho haikutulia, nikapiga simu.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Hizi hisa ulizinunua mwenyewe?"

Akanyamaza kidogo. "Hizo ni za marehemu, mwanangu. Mimi nimeandikwa jina tu."

Nilisimama na simu sikioni. Kwa sheria ya huku mtu akifa, faida iliyokuwa imejikusanya kwenye hisa zake haitozwi kodi hiyo, na anayerithi anahesabiwa kama amezipata kwa bei ya siku ya kifo. Mfumo ulibadilisha jina tu, ukabeba gharama ya mzee ya miaka ishirini nyuma kama ilivyo. Kwa miaka mitano kila ripoti ilikuwa inamwonyesha mjane faida ambayo kwa sheria haikuwa yake. Nikamwomba atafute karatasi za mirathi, zile zenye thamani za hisa.

Akaja mwenyewe Jumatatu tarehe 3 Aprili, zimebaki siku mbili. Alikuwa na bahasha ya plastiki yenye kifungo, na ndani kila kitu kimepangwa kwa mwandiko wa mzee mpaka mahali fulani, halafu mwandiko unabadilika. Akatoa karatasi moja, orodha ya kampuni nne na bei zake, juu imeandikwa 14 Novemba 2017. Akaweka kidole juu ya ile tarehe na hakukiondoa. Mimi nilihitaji kusoma bei ya mstari wa kwanza ambayo ilikuwa chini ya kiganja chake, na sikuweza kumwambia asogeze mkono. Tukakaa hivyo. Kisha akasema, "Ilikuwa asubuhi. Alikuwa ameshavaa shati." Akasogeza mkono polepole na kuanza kunisomea mwenyewe, kampuni ya kwanza, idadi, bei, ya pili, idadi, bei, mimi naandika kwa penseli pembeni ya ripoti nikikata ile gharama ya zamani, sauti yake haikutetereka hata mara moja, ila alikuwa anasoma kila namba mara mbili.

Jumla ikaja 52,600. Faida halisi ikawa 11,400, yaani zote nne zinaingia ndani ya msamaha wa mwaka ule, kodi sifuri. Nilimwonyesha, akaangalia muda mrefu, akauliza, "Na miaka yote hii?" Sikuwa na jibu. Misamaha ya miaka ile ilikuwa imeshapita na ripoti mbili kati ya hizo zilipita mikononi mwangu.

Tukauza kampuni tatu siku ile ile, maana kinachohesabika ni siku ya kuuza, sio siku hela zinapoingia. Ya nne alikataa. Ndo ya kwanza mzee kununua, 1998, kwa mshahara wa mwezi aliopandishwa cheo. Faida yake ilikuwa 2,300 tu, nikamweleza kwamba nafasi kama hii hairudi, msamaha wa mwaka huu unaisha kesho kutwa, akatikisa kichwa. Sikumsukuma.

Alihama, anakaa chini sasa. Ile hisa moja bado ipo na imepanda vizuri, Machi iliyopita nilipopitia ripoti yake faida ilikuwa 4,700, msamaha sasa ni 3,000 na tangu Oktoba 2024 viwango vyenyewe vimepanda vikawa asilimia 18 na 24. Nikampigia. Nikamwambia tunaweza kuuza nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao, kila nusu inaingia ndani ya msamaha, hutalipa kitu.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Si ulinifundisha mwenyewe," akasema, "kwamba siku yangu ikifika hiyo faida inafutika?"

Nikamwambia ndiyo mama, sheria ndivyo inavyosema. Kisha nikamuuliza magoti yanaendeleaje.