Haiko jino, papa

Mwaka wa 2017, mwezi wa 9, masomo yameanza, mvua nayo imerudi Bukavu, hapa mashariki ya Kongo, na mimi nafundisha kalasi ya 5 huku Kadutu kwa kuandika ubaoni tu, wiki nzima, bila kusema neno. Watoto wakajua mwalimu amekasirika, wakatulia vile sijawahi kuona, na kama si maumivu ningesema ile ndo wiki yangu nzuri kuliko zote tangu nishike chaki. Kumbe niliogopa kufungua mdomo.

Maumivu yenyewe sijui niyaeleze vipi. Jino likiuma kila mtu anajua, linapiga ndu ndu ndu usiku kucha, unageukia huku unageukia kule mpaka jogoo anawika. Hii haikuwa hivyo. Hii ilikuwa taa! kama mtu amekugusisha waya wa umeme, toka pembe ya mdomo mpaka sikioni, sekunde 5, sekunde 10, halafu inaisha kabisa kama hakuna kitu kilipita, na wewe umesimama pale machozi yanatoka, mkono uko hewani karibu na shavu lakini hauthubutu kugusa. Na ubaya ni kungojea nyingine. Kupiga mswaki, taa. Kunywa chai, taa. Upepo wa asubuhi juu ya pikipiki ukishuka Nyawera, ile ilikuwa mbaya kuliko zote, nikaanza kufunga kichwa na kitambaa cha bibi yangu, yaani mke wangu, kama mama anayeenda shambani, motari wa pikipiki wakanicheka. Kunyoa ndo usiseme. Upande wa kushoto nilikuwa nanyoa, upande wa kulia wembe haufiki, kwa hiyo nikawa mwanaume wa ndevu nusu, na direkta wa masomo akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuko salama.

Hapo tayari nilikuwa nimeng'olewa meno mawili. La kwanza mwezi wa 6, kwenye kabine moja ya meno ya mtaani, gego la chini kulia, lilikuwa na tundu kweli, sina neno. Ganzi ilipokuwa bado inafanya kazi nilijisikia mzima hadi nikamshika mkono yule bwana, aksanti aksanti, nikarudi nyumbani naimba ndani ya roho (kwa mdomo haiwezekani, mdomo umevimba). Jioni ganzi ikaisha, taa! Nikaambiwa ngoja kidonda kipone. Nikangoja. Mwezi wa 8 nikarudi, akasema basi ni lile la pembeni, mzizi umeharibika, akaling'oa nalo, dola 10 zingine. Yale meno niliyaweka ndani ya boksi ya kiberiti. Siku moja nikayatoa nikayaweka juani nikayaangalia vizuri, la kwanza bovu, lakini la pili jamani lilikuwa jeupe kama hindi bichi, mizizi mizima, hakuna hata doa. Nikarudisha kwenye boksi. Sikumwambia mtu, niliona aibu, utafikiri mimi ndo nililiua.

Dawa? Nimeweka karafuu mpaka ulimi ukachomeka. Maji moto na chumvi. Jirani akaleta kanyanga, ile pombe kali, akasema sukutua usimeze, nikasukutua na kidogo nikameza, ikawa kazi bure pande zote mbili. Parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki ya sindano, zote zilipita kama maji juu ya jani la kolokasi. Shangazi yangu anayeishi nasi akanipeleka chumba cha maombi, wakaniwekea mikono juu ya shavu, lile lile shavu, nikapiga kelele, wakafurahi wakasema pepo anatoka.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa siku ya tano, Ijumaa, nimeomba ruhusa saa nne, nina dola 15 mfukoni nimekopa kwa mwalimu wa kalasi ya 3, na nia yangu ni moja tu, jino la tatu. Nilikuwa nimeshalichagua mwenyewe kwa ulimi. Safari hii sikwenda mtaani, nilishuka mpaka upande wa Nguba, nilisikia kuna daktari wa meno pale, nikategemea kukuta mzee wa miwani, nakuta binti tu, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nikajisemea mradi mkono una nguvu.

Nikakaa kwenye kiti, nikamwonyesha kwa kidole, hili hapa, ng'oa. Akawasha taa. Akachukua kichuma kidogo akaligonga lile jino, ko ko ko, mimi nimekaza miguu na macho nimefumba. Hakuna kitu. Akapuliza hewa baridi juu yake. Hakuna kitu. Akagonga la jirani, vile vile. Nikafungua macho. Akauliza, papa, yaani baba, usiku inakuamsha? Nikataka kujibu ndiyo, sababu ndo jibu la mtu mwenye maumivu, halafu nikafikiri... usiku nalala. Miezi mitatu sikuwa nimegundua kwamba usiku nalala! Akauliza inakaa muda gani, nikasema sekunde. Inapiga kama nyundo ama kama umeme? Umeme. Basi akachukua kipande cha pamba, akakivuta kidogo kiwe kama uzi, akanigusa nacho taratibu hapa chini ya mdomo, kwenye kidevu, sio jinoni, nje kwenye ngozi, pamba tu.

Niliruka mpaka goti likapiga sahani yake ya vyuma, vitu vyote chini.

Hakukasirika. Akangoja iishe, akaniwekea mkono begani akasema, "Haiko jino, papa. Hii jino haina kosa."

Mngeniona mimi. Mtu mzima, mwalimu wa miaka 49, namwomba yule binti ang'oe. Nikamwambia pesa ninayo, nikatoa zile dola nikaziweka juu ya meza. Nikamwambia kama sio hilo basi ng'oa la juu yake. Nikamwambia mdomo ni wangu. Nilihisi ananinyima dawa kwa makusudi, roho ilinipanda kweli. Yeye anasema hapana papa, siwezi kutoa jino zima, nikilitoa kesho utarudi unataka lingine, mpaka utabaki na ufizi na maumivu yako bado. Hapo nikakumbuka boksi ya kiberiti, nikakaa kimya.

Akachora kwenye karatasi. Kichwa cha mtu, vibaya, sikio kama kikombe, halafu karibu na sikio akaweka alama na mistari mitatu. Hii ni neva, mshipa wa fahamu, moja kila upande wa uso, ina matawi matatu, moja linaenda machoni na kwenye paji, moja shavuni na taya ya juu, moja taya ya chini. Kwa Kifaransa wanaiita trijimo, yaani mapacha watatu. Meno yote ya chini yanazungumza na ubongo kupitia yule pacha wa tatu, ndo maana akipiga kelele wewe unasikia jino. Mara nyingi ni mshipa wa damu unaoikandamiza hiyo neva pale inapoingia kwenye ubongo, ganda lake linachubuka, basi kakitu kadogo tu kanakuwa umeme. Akasema sio mimi peke yangu, ni wengi wanaong'olewa meno mazima kwa ugonjwa huu. Sikujua nifurahi ama nilie.

Akanilipisha fishi tu, ile karatasi ya kuonwa na daktari, dola 5. "Sijatoa jino, utalipa nini?" Akaandika karatasi niende kwa daktari wa neva, na akataja mahali, nikashtuka. Ni kwa wazimu. Ndivyo watu wanavyopaita, kituo cha wagonjwa wa akili, ila huyo daktari anatibu pia kifafa na mambo yote ya neva. Nikaenda siku ya kwanza yake, Jumatatu, nimevaa kofia mpaka kwenye nyusi, na pale mlangoni nani ninakutana naye, mama wa mwanafunzi wangu. Tukasalimiana kama watu wasiojuana. Naye sikumuuliza amefuata nini.

Yule daktari alisikiliza, akapima uso wangu huku na huku, akasema yule binti ameona vizuri. Akataja kipimo cha IRM, picha ya ndani ya kichwa, kuona kama hakuna uvimbe unaokandamiza, akasema nikipata namna niende Kigali (namna sikuipata mwaka ule). Akaniandikia karbamazepini, vile vidonge vya Tegretol, nusu ya kidonge cha 200 asubuhi, nusu jioni, tunapandisha pole pole, na nikiona vipele mwilini niache nirudi mbio, na damu tutapima.

Kwenye farmasi kijana akasoma karatasi, akaniangalia kwa huruma, akauliza kwa sauti watu wote wasikie, nani iko na kifafa kwenu? Nikasema ni ya jino. Akacheka. Hata mimi ningecheka. Ni dawa ya kifafa kweli, ila tangu miaka ya 1960 madaktari wanaitumia kwa hii neva, hilo nimelisoma baadaye.

Siku mbili za kwanza nilitembea kama mtu aliyelala na kasiksi, pombe ya ndizi, kizunguzungu, usingizi, ubaoni nikaandika tarehe ya mwaka 1997 na hakuna mtoto aliyethubutu kunisahihisha. Siku ya tatu jioni nilikuwa nakula bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, na nikiwa katikati ya tonge nikagundua natafuna upande wa kulia. Nikasimama na tonge mdomoni. Bibi yangu akadhani mfupa umenikwama, akaniletea maji. Nikaenda nikachukua wembe, usiku ule ule, kwa mwanga wa simu, nikanyoa ule upande.

Shida ilibaki kwa shangazi. Alikuta pakiti ya dawa juu ya kabati, akaipeleka kwa jirani ambaye mwanawe anatumia zile zile, na kwa jirani hazikuwa za jino. Nilimweleza neva, nikamchorea hata kichwa chenye mistari mitatu, akaitikia ndiyo mwanangu, ndiyo. Mpaka leo jioni ya baridi nikisogeza kiti karibu na mbabula, jiko la makaa, nijioteshe moto, ananyanyuka bila kusema kitu, anakuja kukaa katikati yangu na makaa.