Kikale nilichokikuta kinauza mahamri Lamu

Mimi ni mtu wa Nakuru, na kabla ya safari hii bahari nilikuwa nimeiona mara mbili tu, zote Mombasa, kwa hivyo niliposema naenda Lamu kichwani nilikuwa na picha moja, mchanga mweupe, mnazi umeinama, mimi nimelala chini yake na miwani ya jua. Mamangu naye alikuwa na picha yake ya taarifa ya habari, msitu wa Boni na al-Shabaab, akanifungia chapati za kulisha kijiji kana kwamba naenda vitani. Wote wawili tulikosea, ila chapati zilisaidia.

Manake njia ni ndefu. Nilipanda basi Mombasa alfajiri, Malindi tukapita watu bado wanafungua maduka, halafu ukishavuka Mto Tana pale Garsen ndio askari wanaanza, mnashushwa wote, mnapanga laini na vitambulisho mkononi, mnapanda, hujapata usingizi vizuri mnashushwa tena. Witu, Hindi, kisha Mokowe, na hapo barabara inaisha, yaani inaisha kweli, mbele ni maji na mikoko. Ukapewa laifu jaketi iliyolowa jasho la abiria wa kabla yako, boti ikaondoka.

Nilipotua tu nikamuuliza kijana mmoja wa mikokoteni bichi iko wapi. Akaniangalia, akaangalia miwani yangu. Akasema bichi ni Shela, hapa ni mjini kaka. Na kweli ni mjini! Ukuta wa bahari, jahazi linashusha saruji na kreti za soda, wanaume wanabishana bei ya kamba, na punda kila mahali, wengine wamebeba mawe ya matumbawe, wengine hawana kazi yoyote wanatembea tu kama wazee wa mtaa waliostaafu. Harufu sitaisema. Kaptula yangu ya kuogelea ilikaa begini siku tatu.

Nikaingia vichochoroni kutafuta gesti, huko magari hayaingii hata ungetaka, kwingine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nikasikia nyuma yangu mtu anapiga kelele "Ndia! Ndia!" nami nikaendelea na selfi zangu, nikijua ndia ni jina la mtu, labda anamuita mkewe, mpaka gunia la mchanga likanisukuma bega nikabandikwa ukutani na punda akapita. Ndipo ikanijia. Ndia ni njia. Ananiambia nipishe!

Hapo nilisimama nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Shule mimi nilipata A ya Kiswahili, na kwenye ushairi mwalimu alitukaririsha uhuru wa mshairi, inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi, na ukikuta neno kama mato au mtele, yaani macho au mchele, unaandika "msamiati wa kikale", unapewa alama yako unaendelea. Sikuwahi kufikiria kikale kinaweza kukukanyaga na punda.

Kesho yake nikakaa kwa mama mmoja anauza mahamri na mbaazi, ana sufuria moja ya mafuta na beseni amelifunika kwa leso. Akaniuliza, "Una ndaa mwanangu?" Nikasema ninayo mama. Anaongea na mimi huku mkono wake unafanya kazi yake mwenyewe, anadumbukiza hamri, linazama, linapanda, linavimba kama shavu la mtoto aliyenuna, analigeuza mara moja tu kwa mwiko. Akamtuma mjukuu wake kwa mtele, akanisogezea bilauri ya mai. Nikamwambia mama, haya maneno yako sisi tulifundishwa ni ya zamani, yanaitwa kikale. Akaniuliza zamani gani. Nikasema zamani, za washairi wa kale. Alicheka mpaka akaungua kidole. Akasema kwani yeye amekufa? Halafu akawaita wenzake waje wamuone mtu wa bara aliyekuja kumwambia amekufa. Siku zote nilizobaki pale sikuwa na jina lingine.

Ngome niliingia, ile iliyomalizwa kujengwa miaka ya 1820 hivi na ikawa jela mpaka 1984, ni nzuri, lakini nje yake ndiko kuna kazi, wazee chini ya mti wanapiga dhumna kwa nguvu hadi meza inalia. UNESCO iliuweka mji huu kwenye urithi wa dunia 2001, na mimi nilidhani vitu vya urithi vinawekewa kamba usiguse. Hapa watoto wanapigia mpira kwenye milango ya kuchongwa, na gesti yangu yenye boriti za mikoko na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwenye kidaka kimoja mwenye nyumba ameweka chaja ya simu na dawa ya mbu.

Shela nilienda siku ya nne, kwa miguu ukifuata pwani. Mchanga upo, mweupe kama nilivyotaka. Nikalala kwa saa moja nikachoka, nikarudi mjini kula.

Asubuhi ya kuondoka mama wa mahamri alinifungia sita kwenye gazeti, hela akakataa, akasema nimsalimie aliyenifundisha. Nikashuka na begi kuelekea gatini nimechelewa boti, na kwenye kona punda wawili wamejaa kichochoro chote. Nikajikaza, nikapaza sauti, "Ndia! Ndia!" Mmoja akanigeuzia sikio. Mwingine akaendelea kutafuna ganda lake la embe, nami nikasubiri amalize.