Waini ya Dodoma, mgebuka wa Kibirizi na mama yangu

Nimekula pweza na kome Ureno nikafurahi sana, ila mlo ambao sitausahau ni ule wa likizo ya 2024 kwa mjomba Katonga, Kigoma, tumekaa mkekani nje ya mlango ziwa liko pale chini. Ngoja niwaanzie Ureno lakini, maana ndo wazo lilipoanzia.

Mimi nakaa Birmingham, nahudumia wazee, na mwaka 2023 mfanyakazi mwenzangu Mreno alinichukua kwao Matosinhos, mji wa wavuvi ubavuni mwa Porto, ilikuwa Juni, sikukuu ya São João, ule usiku wa tarehe 23 watu wanachoma sadini mpaka barabarani. Tulianza na kome wa kitunguu saumu na giligilani, wakaja pweza wa mafuta ya zeituni, na kila sahani ina waini yake, kome kwa vinho verde ya baridi kabisa yenye gesi kidogo ulimini, pweza kwa Alvarinho ambayo ni nzito zaidi. Mwisho sadini wenyewe, chumvi ya mawe tu, unamlaza juu ya kipande cha mkate mafuta yake yanaingia humo, samaki anatangulia mkate unafuata. Nilimla wa kwanza nikanyamaza. Ile harufu ya mafuta yakidondokea mkaa ilikuwa ya mgebuka kabisa, yule samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, na hata dagaa wetu ni jamii ya sadini, wanaitwa sadini wa Tanganyika. Nikamkumbuka mama, ameuza dagaa soko la Mwanga miaka yote tuliyokuwa shule na sijawahi kumuona anakula samaki amekaa, yeye alikuwa anakula mwisho, kasimama, mabaki ya chini ya sufuria.

Basi 2024 nikajipanga, safari hii mama ale samaki amekaa, na waini pembeni kama kule Ureno. Nimetoka Dar na treni ya SGR, ilikuwa ndo imeanza safari za Dodoma Julai ile, nikalala Dodoma nikanunua chupa nne za waini, tatu nyeupe za Chenin Blanc na moja nyekundu ya Makutupora, zabibu za pale zinavunwa mara mbili kwa mwaka jamani, wazungu nikiwaambia hawaamini. Halafu basi mpaka Kigoma, mwisho wa reli, chupa nimezifunga kwenye kanga nimezipakata njia nzima.

Nafika Kigoma katikati ya Septemba, ziwa limeshafunguliwa (lilifungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wapumzike), ila nimeikuta mbalamwezi. Mjomba akasema subiri giza. Kama hujakulia ziwani nikueleze, dagaa wanavuliwa kwa taa, zamani karabai sasa hivi taa za sola, dagaa wanaufuata mwanga na migebuka inawafuata dagaa kuwala, sasa mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa yako nani ataifuata? Nikasubiri wiki nzima na zaidi, na sijutii hata siku moja.

Alfajiri ya siku yenyewe tukaenda mwalo wa Kibirizi, wavuvi wanaposhushia samaki. Mjomba anamshika mgebuka anamfunua shavu kwa kidole gumba, ndani kukiwa kwekundu kama damu anamweka kwenye beseni, kukiwa na weupe anamrudisha bila kusema neno. Tukachukua migebuka sita, dagaa wabichi na kuhe mmoja mkubwa, naye samaki wa ziwa letu.

Tulipika mimi na mdogo wangu, mama tukamkataza jikoni, akawa anainuka tunamkalisha. Kwanza dagaa wabichi wa kukaanga mpaka wanalia mdomoni, na ile nyeupe iliyolala kwenye ndoo ya barafu, ikawa safi sana, inakata mafuta unataka dagaa mwingine. Nikajaribu nyekundu na dagaa haohao, hapana, ikaacha ladha ya chuma na shombo, kumbe ni kweli ile chuma iliyomo kwenye waini nyekundu inagombana na mafuta ya samaki. Nyekundu ilipata nafasi yake kwa kuhe wa mawese na ugali wa muhogo, mawese ni mazito yanaubeba ule ukali. Mgebuka wa kuchoma ndo ulikuwa kilele, ngozi imepasuka, nyama inatoka kwa vipande vyeupe, nyeupe tena pembeni, mjomba kafumba macho.

Mama hanywi pombe. Alikamulia ndimu yake juu ya mgebuka, akaniangalia nikieleza habari za uchachu na mafuta, akasema "Sasa mwanangu, hiyo kazi si ndo inayofanywa na ndimu?" Na ni kweli, kazi ni ileile, mama alikuwa anatupikia hivyo tangu tuko wadogo. Alikula migebuka miwili, amekaa, amenyoosha miguu, masaa matatu hakuinuka, na kule ziwani taa zikawa zinawaka moja moja mpaka upande wa Kongo.

Asubuhi nilimkuta anaosha chupa moja ya waini kwa maji ya moto, akaikausha juani, akaijaza mawese akaifunga mfuniko na nailoni juu. Iko hapa jikoni kwangu Birmingham, baridi imeshaigandisha, nikitaka kupika naisogeza karibu na hita nasubiri iyeyuke.