Folda ya bakapu haionekani, nafasi imeliwa: nilivyotatua

Kompyuta ya stationery yangu hapa Sinza ina drive mbili, D na E, zote nazihifadhi kwa robocopy (amri ya Windows ya kunakili mafaili) kwenye diski moja ya nje, F. Kila nikimaliza D, folda haionekani, ila nafasi imeliwa! Nilirudia mara tatu, nikabadili waya, hadi Kariakoo nikafuata diski nyingine. Yale yale.

Kumbe ipo, imefichwa tu. Ukinakili kuanzia D:\ yenyewe, folda inayopokea hurithi alama za mfumo na za kufichwa. Nikafungua CMD (dirisha la kuandikia amri), nikaziondoa alama hizo:

attrib -s -h F:\BAKAPU_D

Ikatokea papo hapo, na pasipoti saizi zote za wateja. Siku hizi mwishoni mwa amri ya robocopy naongeza /A-:SH, inayoondoa alama hizo. Na E ina folda yake, maana /MIR (inayofanya folda inayopokea ifanane kabisa na inakotoka) ya E ikielekezwa kwenye folda ya D, inafuta vya D.