Mchi wa sombe kwenye harusi

Jioni hii, katika harusi moja hapa Katuba, Lubumbashi, nimepiga muziki kwa sampla peke yake (mashine inayohifadhi milio iliyorekodiwa na kuipiga tena), bila kompyuta. Ni sampla ya aina ya MPC yenye pedi 16, yaani vibao vya kugonga kwa vidole, mpangilio ulioanza na MPC60 ya mwaka 1988, ambayo Roger Linn aliibuni pamoja na kampuni ya Akai.

Asubuhi nilikuwa nimemrekodi mama mdogo akitwanga sombe (majani ya muhogo) uani.

Nilikata ukimya wote uliotangulia mlio wa mchi, kwa sababu hata ukibaki kidogo tu, pedi hujibu kwa kuchelewa na mpiga gitaa hupotea (wengi hulipuuza jambo hili).

Kisha niliweka milio miwili kwenye pedi moja: nikigusa taratibu, mchi unaangukia majani, nikigonga kwa nguvu, unafika kwenye ubao wa kinu.

Besi iliponyamaza na mchi ukabaki peke yake, akina mama waliokuwa wakipakua bukari (ugali) waligeuka wote kutazama jikoni.

Mama mdogo mwenyewe akauliza ni nani anayetwanga usiku!

Ndugu zangu, nirekodi mlio gani mwingine wa nyumbani?